Kutu Juu ya Turubai: Wachoraji wa China Mbele ya Viwanda Vilivyokufa

Noti ya yuan 5 ya China yenye mwaka 1960 ilikuwa na mfanyakazi wa tanuri la chuma upande wa mbele, na upande wa nyuma mgodi wa wazi wa makaa ya mawe wa Haizhou, ulioko mjini Fuxin katika jimbo la Liaoning. Noti ya yuan 2 ya toleo hilohilo ilimwonyesha fundi wa mashine ya kukereza vyuma, na ya yuan 1 mwanamke akiendesha trekta. Kwa miongo kadhaa taifa zima lilishika mkononi, sokoni na dukani, picha za watu walioambiwa kuwa wao ndio wenye nchi. Mwaka 2001 Fuxin ulitangazwa kuwa mji wa kwanza nchini humo uliomaliza rasilimali yake, na mwaka 2005 mgodi wa Haizhou ukafungwa. Mchoraji wa China wa leo anayechagua kuchora viwanda vilivyokufa amesimama kati ya noti ile na shimo lililobaki, na hawezi kuchora kimoja bila kukigusa kingine.

Wachoraji wa namna hiyo si wachache, na wengi wao ni wenyeji wa kaskazini-mashariki, hasa Liaoning. Cui Guotai, mzaliwa wa Shenyang, huchora matanuri, vichwa vya treni na karakana tupu kwenye turubai kubwa, kwa nyeusi, nyeupe na kijivu, akiiacha rangi itiririke yenyewe kuelekea chini. Li Dafang, aliyezaliwa mjini humohumo mwaka 1971, huweka visa visivyoeleweka katika viwanja vya viwanda vilivyotelekezwa, ambamo mtu mmoja au wawili wanafanya jambo ambalo mtazamaji haambiwi chanzo chake wala mwisho wake. Jia Aili, aliyezaliwa Dandong mwaka 1979, amejulikana kwa watu waliovaa vinyago vya kuzuia gesi katikati ya nyika iliyojaa mabaki ya mashine. Liu Xiaodong, mkubwa kuliko Li na Jia kwa umri na kwa jina, alizaliwa mwaka 1963 huko Jincheng, mji mdogo uliokuwa ukiishi kwa kiwanda kimoja cha karatasi.

Wanaozipinga kazi hizi husema kwamba zimegeuza msiba wa mamilioni ya wafanyakazi kuwa mapambo ya kuta za matajiri. Wanaozitetea husema kwamba pasipo kazi hizi msiba wenyewe ungepita bila shahidi. Pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa, na nitajaribu kuzitendea haki. Lakini naona kwamba zote mbili hulipita jambo lenye uzito kuliko yote. Picha ya kiwanda kilichooza, kwa China, haina mwanzo wake kwenye kutu. Mwanzo wake ni zile picha za zamani ambamo kiwanda kilikuwa fahari ya nchi, na thamani yake inategemea kwa kiasi kikubwa jinsi inavyozijibu picha hizo.

Ili uzito wa hoja hii uonekane, lazima kwanza ieleweke ni kitu gani kilichokufa. Kaskazini-mashariki iliitwa kifungua mimba wa Jamhuri, na halikuwa jina la sifa tupu. Katika mpango wa kwanza wa miaka mitano, kuanzia 1953 hadi 1957, China ilijenga viwanda vizito kwa msaada wa Kisovieti kupitia ile inayoitwa miradi 156, na zaidi ya theluthi ya miradi hiyo iliwekwa katika majimbo matatu ya Liaoning, Jilin na Heilongjiang. Wilaya ya Tiexi mjini Shenyang ikawa na karakana zilizopangana mtaa baada ya mtaa. Kiwanda cha dola hakikuwa mahali pa kazi peke yake, kwani ndicho kilichotoa nyumba, zahanati, shule ya watoto, bafu la pamoja, ukumbi wa sinema na pensheni, na kwa miaka mingi mtoto aliweza kurithi nafasi ya mzazi wake aliyestaafu. Msomaji wa Dar es Salaam anayekifahamu kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa mkopo wa China na kuanza kazi mwaka 1968, ameona kwa kiwango kidogo mfano wa fikra hiyo ya kiwanda kinachokusudiwa kubeba zaidi ya mashine.

Fikra hiyo ilivunjwa katika miaka michache tu. Kwa takwimu za serikali yenyewe, kati ya 1998 na 2003 watu zaidi ya milioni 28 walipunguzwa kazini katika mashirika ya dola. Namna walivyopunguzwa ilikuwa na ukatili wake wa pekee, kwa sababu mfanyakazi hakufukuzwa waziwazi. Aliambiwa ashuke kwenye nafasi yake, akabaki na jina lake katika daftari la kiwanda na posho ndogo kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha wengi wakalipwa kwa mkupuo mmoja fedha za kununua miaka yao yote ya utumishi. Kiwanda cha kuyeyusha madini cha Shenyang kilifungwa mwaka 2000, na mabomba yake marefu ya moshi, yaliyokuwa alama ya mji, yakaangushwa mwaka 2004. Baadaye viwanja vya Tiexi vikauzwa kwa wajenzi wa maghorofa ya makazi.

Sasa tuzitazame picha za zamani. Mwaka 1961 wachoraji wawili mashuhuri wa wino, Fu Baoshi na Guan Shanyue, walitembezwa kaskazini-mashariki kwa miezi kadhaa, na wote wawili walichora mgodi wa wazi wa makaa wa Fushun. Kazi zao ni za ajabu kwa anayejua kanuni za mandhari ya milima na maji, kwa sababu ngazi za mgodi zimechukua nafasi ya miamba, na moshi wa treni za makaa umekaa mahali ambapo kwa karne nyingi palikuwa na ukungu na mawingu. Moshi ulikuwa baraka. Katika rangi za mafuta kanuni ilikuwa ya Kisovieti, nayo ilimweka mfanyakazi mbele, mkubwa, amesimama imara, na nyuma yake mashine au tanuri likimwangazia uso. Picha ya Wu Yunhua ya mwaka 1972 ya wachimbaji wa shaba ni mfano unaojulikana sana. Vyuo vya sanaa viliwafundisha vijana kanuni hii kwa ukali, na Chuo cha Sanaa cha Lu Xun mjini Shenyang kilikuwa katikati ya viwanda vyenyewe, kwa hiyo mwanafunzi alijifunza kuchora mwili wa mfanyakazi karibu na mahali ambapo miili hiyo ilifanya kazi.

Magofu hayakuwa na nafasi kama hiyo. Mwanahistoria wa sanaa Wu Hung, wa Chuo Kikuu cha Chicago, ameonyesha kwamba katika mapokeo marefu ya uchoraji wa China ni nadra mno kukuta jengo lililobomoka likiwa ndilo mada ya picha. Huzuni ya mambo yaliyopita iliachiwa ushairi, na mchoraji alipoitaka aliipata kwa mti uliokauka au kwa jiwe la maandishi ya kale lililosimama peke yake, kama katika mchoro maarufu unaohusishwa na Li Cheng wa msafiri anayesoma jiwe la namna hiyo. Jengo bovu lilikuwa jambo la nuksi na la aibu. Kwa hiyo mchoraji wa miaka ya 1990 na 2000 aliyetaka kuchora karakana iliyotobolewa paa hakuwa na babu wa kumrithi katika mandhari ya kale. Babu aliyekuwa naye alikuwa mmoja, yule mchoraji wa fahari, naye alimrithi kwa kumgeuza kinyume.

Nianze na lawama, kwa sababu ni nzito na hazistahili kupuuzwa kama wivu wa wahakiki.

Ya kwanza ni kwamba uchakavu ni mzuri kwa macho, na uzuri huo ni wa hatari. Kutu ina rangi nyingi kuliko chuma kipya. Paa lililotoboka huleta mwanga ambao paa zima halileti. Ukuta uliobanduka hufanya kazi nusu ya mchoraji. Mchoraji mwenye mkono hodari anaweza kupata turubai ya kuvutia pasipo kujua lolote kuhusu waliofanya kazi pale, walilipwaje, na walikwenda wapi. Lawama kama hii imewahi kutolewa dhidi ya wapiga picha wa Detroit huko Marekani, walioonyesha kumbi tupu za mji ule huku mamia ya maelfu ya watu wakiendelea kuishi humo. Karakana za Cui Guotai kwa kawaida hazina watu kabisa, na mtu aliyepoteza miaka 25 ya utumishi ana haki ya kuuliza kwa nini mashine imepata picha kubwa namna ile na yeye hakupata hata kivuli.

Lawama ya pili inahusu fedha. Mwezi Novemba mwaka 2006 picha ya Liu Xiaodong ya watu waliohamishwa ili kupisha bwawa la Three Gorges, kazi ya mwaka 2004 yenye upana wa mita 10, iliuzwa kwenye mnada mjini Beijing kwa yuan milioni 22, na mnunuzi alikuwa mfanyabiashara mwenye mikahawa ya kifahari. Mada ya picha ile ni bonde lililozamishwa, si kiwanda, lakini imekuwa mfano unaotajwa kila mjadala huu unapozuka, na kwa haki. Wahamishwaji wa bwawa lile walikuwa zaidi ya milioni moja. Hakuna hesabu ya adili inayoweza kuiweka bei ile karibu na fidia waliyopewa bila ya kuona aibu.

Ya tatu inahusu mahali zinapotundikwa. Sehemu kubwa ya picha hizi zimeonyeshwa katika eneo la 798 mjini Beijing, ambalo lenyewe lilikuwa kiwanda cha vifaa vya elektroniki kilichojengwa katika miaka ya 1950 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, chenye mapaa ya meno ya msumeno yanayoingiza mwanga wa kaskazini. Wafanyakazi walipungua, nafasi zikabaki wazi, na kuanzia karibu mwaka 2000 wasanii wakapanga karakana kwa bei nafuu. Kisha nyumba za sanaa zikaja, halafu mikahawa, halafu kodi zikapanda. Kauli mbiu za zama za Mao ziliachwa zisomeke kwenye dari kwa sababu wageni walizipenda. Picha ya kiwanda kilichokufa ikitundikwa ndani ya kiwanda kilichokufa ambacho sasa kinauza kahawa ya bei ghali, ni vigumu kumlaumu anayesema kwamba kitanzi kimefungwa na mfanyakazi ameachwa nje.

Kuna lawama ya nne, ambayo husikika mara chache, nami naiona kuwa ya haki kuliko zote tatu. Picha nyingi za magofu huomboleza bomba la moshi na kusahau moshi wenyewe. Shenyang katika miaka ya 1980 ilitajwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani, na kiwanda cha kuyeyusha madini, kilichoshughulika na shaba, risasi na zinki, kilikuwa sehemu ya sababu. Waliokuwa wakiishi chini ya mabomba yale hawakuyalilia wote yalipoanguka. Aidha, machimbo ya Fushun na matanuri ya Anshan yalipanuliwa kwanza na Wajapani walipoitawala Manchuria, yaani kaskazini-mashariki hiyohiyo, kwa kutumikisha Wachina wengi hadi kufa, na baada ya vita jeshi la Kisovieti lilibeba mitambo mingi likaondoka nayo. Viwanda hivi viliwahi kuwa magofu kabla ya kuwa fahari. Mchoraji anayeonyesha anguko moja tu, lile la miaka ya 1990, anaifupisha historia kwa namna inayomridhisha anayetamani zamani ambayo haikuwahi kuwapo kwa usafi huo.

Upande wa pili nao una hoja za kweli, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa lawama ni rahisi kusema kwa jumla lakini utetezi lazima upite katika kazi moja moja.

Mwaka 2010 Liu Xiaodong alirudi Jincheng, miaka 30 baada ya kuondoka akiwa kijana wa miaka 17 kwenda kusoma sanaa Beijing. Aliwakuta rafiki zake wa utotoni, wengi wao wafanyakazi wa zamani wa kile kiwanda cha karatasi, na akawachora wakiwa mbele yake, nyumbani kwao, kwenye meza ya mchezo wa biliadi, katika ukumbi wa karaoke ambao mmoja wao aliufungua ili apate riziki. Aliandika shajara kila siku, na mwisho wa mwaka huo kazi zilionyeshwa katika kituo cha sanaa cha UCCA, ndani ya eneo lilelile la 798 nililolitaja. Miili ni mizito, matumbo yamejitokeza, nyuso zimechoka bila kuomba huruma. Anayezikumbuka picha za mashujaa wa tanuri ataona mara moja kwamba mkao wa mbele na ukubwa wa mtu vimetoka kule kule. Kilichoondolewa ni tanuri lililokuwa likiwaangazia. Wamebaki watu, katika mwanga wa kawaida wa dirishani, na picha inauliza kama walistahili kuchorwa wakati ule kwa sababu ya chuma au kwa sababu yao wenyewe. Sidhani kuna aliyewachora wafanyakazi walioachishwa kazi kwa heshima kubwa kuliko hii, na mtu hawezi kusema kwamba mchoraji alikuja kama mtalii.

Yang Shaobin, ambaye naye alizaliwa mwaka 1963 na kukulia kwenye eneo la migodi ya makaa ya Tangshan, alichukua njia nyingine. Kwa kazi aliyoionyesha Beijing mwaka 2006, aliyoipa jina linalotaja kina cha mita 800 chini ya ardhi, alishuka migodini, akakusanya picha, vifaa na masimulizi kabla ya kugusa rangi, na mwaka 2008 akaendelea na kazi iliyohusu pia mapafu yaliyoharibiwa na vumbi. Mwaka 2002 pekee, kwa takwimu rasmi, karibu watu 7,000 walikufa katika ajali za migodi ya makaa ya China. Xu Weixin naye alichora nyuso za wachimbaji, kila moja kubwa kuliko kimo cha mtu, kwa ukaribu ambao hapo awali ulitengwa kwa ajili ya viongozi. Hawa wawili wanaijibu ile lawama ya nne kwa vitendo, kwa sababu kwao sumu na vumbi viko ndani ya picha, mwilini mwa mtu, na havikuachwa kuwa ukungu mzuri wa mbali.

Na Cui Guotai je, ambaye hachori mtu? Hapa ndipo ninapotofautiana na wahakiki wengi. Utupu wa karakana zake ungekuwa kosa kama picha hizo zingekuwa mandhari, lakini ninavyoziona si mandhari. Ni picha za sura. Kichwa cha treni au tanuri limewekwa katikati, limejaza turubai, limetazamwa kutoka chini kidogo, yaani limepewa mkao uleule ambao shujaa wa kazi alipewa miaka ya 1970. Mfanyakazi alikuwa mbele na mashine nyuma. Sasa wa mbele ameondoka, na mashine imeachwa imesimama mahali pake, ikivuja rangi. Aliyeondolewa anaonekana kwa pengo alilotuachia, na pengo hilo linasomeka kwa yeyote aliyekulia kati ya mabango ya zama zile. Hata rangi zake, nyeusi na nyeupe, zinafanana na picha za magazeti ya wakati huo na za vitambulisho vya kazini. Nakubali kwamba mtazamaji wa London au New York asiyeyajua mabango hayo ataona gofu la kupendeza na kuishia hapo. Huo ni upungufu wa maonyesho, na mwenye nyumba ya sanaa anaweza kuurekebisha. Sioni kwamba ni kosa la mchoraji.

Kipimo nilichokitaja mwanzoni kinaweza sasa kutumiwa kwa kazi iliyo ngumu zaidi kuihukumu. Mwaka 1999 Leng Jun, mchoraji wa Wuhan mwenye ustadi wa kuiga vitu hadi macho yadanganyike, alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya tisa ya kitaifa ya sanaa kwa picha ya nyota yenye pembe tano iliyoundwa kwa vipande vya chuma vilivyopondeka na kushika kutu. Hakuna kiwanda katika picha ile, wala mtu, wala mji. Ingeweza kuwa mfano kamili wa kutu iliyogeuzwa mapambo, na wapo waliosema hivyo, kwamba ustadi umekula maana. Lakini nyota ile ni alama ya dola, mwaka ule ulikuwa miaka 50 ya Jamhuri na katikati ya wimbi la kupunguza wafanyakazi, na taasisi iliyoitunuku ilikuwa ya dola hiyohiyo. Inaweza kusomwa kama sifa kwa nyota iliyopigwa ikabaki nzima, na inaweza kusomwa kama hati ya mashtaka. Inabeba yote mawili kwa sababu imegusa alama ambayo kila mtu aliiamini au aliagizwa kuiamini. Ahadi iko ndani ya picha, kwa hiyo kutu ina kitu cha kula.

Kwa Jia Aili sina hakika kama hiyo. Nyika zake ni za mchoraji mwenye kipaji kikubwa, na turubai zake kubwa hutisha kwa haki, lakini mara nyingi mabaki ya mashine humo hayana anwani. Yangeweza kuwa ya nchi yoyote, au ya sayari nyingine. Watetezi wake husema kwamba mtoto aliyezaliwa mwaka 1979 aliukuta mji wa viwanda ukiwa tayari unayumba, kwa hiyo maangamizi yasiyo na tarehe ndiyo uzoefu wake wa kweli, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, kinachofaa kila mahali huuzika kila mahali, na soko la nje lililotaka kuiona China kama nyika ya mwisho wa dunia lilipata katika kazi za namna hii lilichokuwa likitafuta. Li Dafang anaikwepa hatari hiyo kwa mambo madogo: aina ya tofali, urefu wa ukuta, bomba linalopita nje ya jengo badala ya ndani, vitu ambavyo mtu wa Shenyang angevitambua bila kuambiwa.

Ile hoja ya fedha na mahali nayo naiona kuwa kweli isiyotosha. Ni kweli kwamba wafanyakazi hawazinunui picha hizi, lakini hata picha za mashujaa hawakuzinunua, walitundikiwa. Tofauti iliyopo ni kwamba zile za zamani zilichapishwa kwa maelfu na kubandikwa katika vyumba vyao vya kulia chakula, wakati hizi za sasa zimefungiwa katika makusanyo ya watu binafsi. Anayejali haki na awaandame wenye makusanyo na makumbusho kuhusu jambo hilo, kwa sababu mchoraji akiacha kuchora, bei haitashuka na kumbukumbu itapotea.

Makumbusho yenyewe yamebadilisha msimamo, na badiliko hilo linaweza kuwa tatizo kubwa kuliko soko. Shenyang ina makumbusho ya viwanda katika jengo la kiwanda cha zamani cha kusubu chuma huko Tiexi. Shimo la Haizhou limefanywa hifadhi ya kitaifa ya migodi. Kiwanda cha chuma cha Shougang, kilichohamishwa kutoka Beijing hadi pwani ya Hebei na kuzima matanuri yake ya Beijing mwishoni mwa 2010, kilisafishwa, na mwaka 2022 minara yake ya kupozea maji ilionekana duniani kote nyuma ya jukwaa la kuruka kwa ubao wa theluji katika Olimpiki ya majira ya baridi. Kuyahifadhi majengo ni bora kuliko kuyalipua, na sitaki kuonekana napinga hilo. Lakini gofu lililopakwa dawa na kuwashiwa taa halimuulizi mtu swali lolote kuhusu wale milioni 28. Miaka ya 2000 mchoraji alipambana na ubomoaji wa haraka; siku hizi anapambana na urembo rasmi, na urembo huo uko tayari kumwajiri. Picha za viwanda vya zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya kumbi za namna hii zimeanza kurudi kwenye fahari, zikiwa na kutu ya kiasi kwa ajili ya ladha, na ukiziweka kando ya turubai za Cui Guotai utaona jinsi rangi moja inavyoweza kutumika kusema na kunyamazisha.

Kwa sababu hiyo ningependa kuona jambo ambalo makumbusho ya Liaoning yana uwezo wa kulifanya bila gharama kubwa: kuutundika mgodi wa Fushun wa Fu Baoshi au wa Guan Shanyue, wachimbaji wa Wu Yunhua, karakana tupu ya Cui Guotai na rafiki mmojawapo wa Liu Xiaodong katika chumba kimoja, kwa mpangilio wa miaka, na kuwaachia mlango wazi bila kiingilio wakazi wa Tiexi na wa Jincheng. Wao ndio watakaoweza kusema ni wapi mchoraji amekosea urefu wa bomba, ni wapi amemsahau mtu, na ni picha ipi kati ya hizo nne iliyowadanganya.